Mwanza kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza

Mwanza imebanwa kati ya mawe na maji. Magharibi kuna Ziwa Victoria, ambalo hapa limepenya nchi kavu kwa mkono mrefu uitwao Ghuba ya Mwanza. Mashariki kuna vilima vya mawe ya itale vilivyovaa nyumba kuanzia chini hadi kileleni. Katika nafasi iliyobaki wanaishi watu zaidi ya milioni moja, kwa hesabu ya sensa ya 2022 ya wilaya mbili za Nyamagana na Ilemela. Wageni wengi hulala hapa usiku mmoja tu, wakiwa njiani kwenda Serengeti au Bukoba, na huondoka wakiwa wameona stendi na chumba cha hoteli. Siku tatu kamili zinatosha kulijua jiji hili kwa kiasi cha kuridhisha, mradi ratiba ipangwe kwa kulifuata ziwa. Asubuhi samaki wanakuwa wamefika mialoni na kwa kawaida maji yametulia. Mchana upepo huamka. Jioni jua huzama upande wa ghuba, na watu hushuka ufukweni.

Jiji lilivyokaa

Mawe yanayoipa Mwanza jina la Jiji la Mawe ni sehemu ya miamba ya kale kabisa ya Afrika Mashariki, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalijiunda chini ya ardhi, yakapasuka kwa mistari ya wima na ya mlalo, kisha mvua na upepo vikaondoa udongo uliokuwa ukiyazunguka. Kilichobaki ni mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana, mengine yakionekana kama yanataka kuanguka. Katika mitaa ya mlimani kama Mabatini, Igogo na Isamilo, jiwe ndilo ukuta wa nyumba, ndilo uwanja wa kuanikia nguo na ndilo kibaraza. Njia huko ni ngazi na vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita.

Kwa sababu ya vilima hivyo, jiji limetawanyika kwa kufuata barabara kuu tatu, na mgeni akizishika hizo hapotei. Barabara ya Kenyatta huelekea kusini kupitia Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Buhongwa, na huko mbele ndiko iliko njia ya Shinyanga na ya Geita. Barabara ya Nyerere huenda mashariki kupitia Mabatini, Nyakato na Igoma, na ndiyo njia ya Kisesa, Magu na Musoma. Barabara ya Makongoro hupanda kaskazini kupitia Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Zote zinaanzia katikati ya mji, karibu na bandari. Alama inayoonekana kutoka pande nyingi ni Hospitali ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima chake. Anayeiona Bugando hukisia kwa urahisi katikati ya mji kuko upande gani.

Kufika

Uwanja wa ndege uko Ilemela, kilomita kumi hivi kaskazini ya katikati ya mji, na ndege kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa moja na nusu. Kwa basi, safari ya kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Mabasi mengi huanza alfajiri na kufika usiku, hivyo ni busara chumba kiwe kimeshawekwa. Mabasi ya upande wa kusini huishia Stendi ya Nyegezi, na ya upande wa Musoma hutumia Stendi ya Nyamhongolo. Stendi hizo ziko pande mbili tofauti za jiji na zote ziko mbali na katikati. Wakati wa kukata tiketi, mgeni aulize gari linaishia wapi, kisha achague gesti au hoteli kwa kuzingatia jibu hilo.

Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na kwa muda mrefu ndiyo iliyosafirisha pamba ya Usukuma kwenda pwani. Treni ya reli hiyo ya zamani huenda taratibu na si ya kila siku, hivyo inamfaa mwenye muda. Anayetoka Geita au Bukoba kwa barabara sasa huvuka ghuba juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo magari yalipanga foleni ya kivuko, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Njia ya maji kutoka Bukoba bado ipo. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurejea mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, huondoka usiku na kutia nanga asubuhi. Siku za safari hubadilika, kwa hiyo ratiba iulizwe ofisi ya bandarini siku chache kabla.

Mahali pa kulala

Katikati ya mji kuna gesti na hoteli za bei zote, na anayelala hapo hutembea kwa miguu hadi sokoni, bandarini na kwenye vivuko. Kasoro yake ni kelele za biashara, zinazoanza mapema sana. Capri Point, rasi yenye nyumba za zamani na miti mingi, ni tulivu na ina mandhari nzuri, lakini bei zake ziko juu. Pasiansi na ufukwe wa Ilemela vinamfaa mwenye ndege ya asubuhi au anayetaka kukaa kando ya maji. Nyegezi na Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kuna vyumba vya bei nafuu na vyakula vya wanafunzi, ila safari ya kwenda mjini ni ndefu jioni barabara inapojaa. Kokote atakakolala, mgeni akague mambo mawili kabla ya kulipa: chandarua kisiwe na matundu, na maji yawe yanatoka.

Kuzunguka mjini

Daladala ndizo usafiri wa wengi. Ubao wa mbele huonyesha mwanzo na mwisho wa njia, na konda hutaja vituo kwa sauti. Asiyejua kituo chake amwambie konda mapema anakokwenda. Atashushwa mahali panapofaa, na mara nyingi abiria wa jirani ndiye atakayemkumbusha konda. Bajaji hufaa kwa watu wawili au watatu wenye mizigo. Bodaboda ndiyo hupanda mitaa ya mlimani, lakini nauli isemwe kabla ya kupanda, na dereva asiye na kofia ya pili aachwe. Simu za mkononi hulipia karibu kila kitu kupitia kwa mawakala, lakini noti ndogo ndogo bado zinahitajika kwa daladala, maji ya kunywa na muuza matunda.

Siku ya kwanza: mjini kwa miguu

Katikati ya Mwanza ni padogo, na asubuhi moja inatosha kupazunguka. Mahali pazuri pa kuanzia ni Makoroboi, mtaa wa wachuuzi uliozunguka hekalu la Wahindu. Jina hilo linatokana na koroboi, taa za mafuta zilizokuwa zikitengenezwa hapa kwa makopo. Leo pembezoni mwa njia kuna vitenge, viatu, vyombo vya plastiki na vifaa vya simu. Soko Kuu liko karibu, na hapo ndipo pa kupata nafaka, viungo, matunda na mboga zinazoshuka kutoka wilaya za jirani. Kwa nguo za mitumba, wenyeji huenda Mlango Mmoja, ambako anayefika marobota yanapofunguliwa asubuhi huchagua vizuri kuliko anayefika mchana. Bei ya kwanza sokoni ni ya kuanzia mazungumzo. Mnunuzi hutaja yake kwa utani na bila hasira, na asipokubaliana anaondoka kwa shukrani.

Hali ya soko inaeleweka vyema kwa mwenye kujua waliolijenga. Wasukuma ndio wengi, lakini jiji lina Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya, Wakurya, Wajaluo na familia za asili ya Kihindi zilizokuwepo tangu enzi za biashara ya pamba. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa kanda hii, chini ya uongozi wa Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya ushirika kuwa shirikisho lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Zao hilo lilienea hadi katika soka: timu kongwe ya jiji inaitwa Pamba, na mashabiki huiita TP Lindanda. Mgeni atakayeikuta inacheza nyumbani atalisikia jiji likizungumza kwa sauti yake yote.

Alasiri inafaa kwa Capri Point. Njia za miguu hupanda juu ya mawe, na baada ya mwendo mfupi ghuba, visiwa na paa za mji huonekana kwa pamoja. Viatu vyenye soli isiyoteleza vinahitajika, na mvua ikinyesha mawe hayo yasipandwe kabisa. Juani hukaa mijusi wenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambao kwa lugha ya kisayansi wamepewa jina la jiji: Agama mwanzae. Wenye rangi hiyo kali ni madume. Majike ni wa kahawia.

Jua linapokaribia kuzama, karibu na saa moja jioni, watu hukusanyika upande wa kivuko cha Kamanga kulitazama Jiwe la Bismarck, rundo la miamba lililochomoza majini na kubeba jiwe moja la wima juu yake. Jina lake ni la kansela wa Ujerumani Otto von Bismarck na limebaki tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Picha ya jiwe hilo ndiyo inayotumika zaidi kuitambulisha Mwanza. Kaskazini mashariki yake kuna kilima cha Isamilo, ambako mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake. Wenyeji wa pande hizi walikuwa wakiliita Nyanza, jina ambalo bado lipo kwenye mabango mengi ya biashara jijini.

Samaki: kuwaona, kuwanunua, kuwala

Asubuhi ya siku ya pili iwe ya Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Hapa biashara kubwa ni ya samaki wakavu, hasa dagaa, na wanunuzi hutoka mbali hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Magunia hupangwa hadi darini, wapagazi hupita mbio wakipiga mluzi ili wapishwe, na juu ya mapaa husimama kongoti wakingoja mabaki. Mgeni asimame pembeni mwa njia za wapagazi, avae viatu vilivyofunikwa, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta karibu na mtumbwi. Usiku huo taa za wavuvi huonekana zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Siku za mbalamwezi uvuvi hupungua na bei hupanda. Dagaa wazuri wana mng'ao wa fedha na hawana mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni safi kuliko walioanikwa chini. Anayetaka kuhakikisha huchukua wachache kiganjani, akawapukuta na kutazama kinachobaki.

Sangara ana historia tofauti. Hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 na kumaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili. Wakati huohuo alileta viwanda vya minofu vinavyouza Ulaya, na kuzunguka viwanda hivyo likazaliwa soko la mabaki: vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu, inayoitwa mapanki, hukaangwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa huitwa kayabo. Sheria hairuhusu kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 wala sato wa chini ya sentimita 25, kwa hiyo samaki wachanga wanaouzwa kichochoroni kwa bei ya kutupa wasinunuliwe.

Kwa kula, sato ndiye kipenzi cha wengi. Katika migahawa ya kando ya ziwa mteja huchagua samaki wake akiwa mbichi, bei hutegemea ukubwa, kisha huambiwa asubiri. Kusubiri huko huweza kufika saa nzima, hivyo agizo litolewe kabla njaa haijauma. Samaki mbichi mzuri ana macho yaliyojaa na mashavu mekundu ndani. Huliwa wa kuchoma, wa kukaanga au wa kuchemsha kwa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali wa mahindi au wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Asiyependa miba aagize sangara. Baada ya samaki, viazi vitamu vya Usukuma vinastahili kuonjwa katika namna zake mbili: michembe, vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza.

Kisiwa cha Saanane

Siku hiyohiyo ya pili, baada ya Mwaloni, yafaa kwenda Saanane. Kisiwa hiki kinaonekana kutoka Capri Point, na boti huchukua dakika chache tu. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Kuna swala, pimbi, tumbili na ndege wengi, na njia za kutembea juu ya miamba. Tumbili huiba chakula kilichoachwa wazi. Boti ya asubuhi ni bora kwa sababu maji hayajachafuka. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, na boti isiyo nayo isipandwe. Ziwa hili limewahi kuzika watu wengi: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, mamia wakafa, na wengi wao wamezikwa Igoma, kwenye mnara wa kumbukumbu unaotembelewa hadi leo. MV Nyerere ilizama karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018.

Siku ya tatu: Bujora au Ukerewe

Makumbusho ya Bujora yako Kisesa, kilomita ishirini hivi mashariki kwenye barabara ya Musoma, na daladala hufika karibu. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Québec aliyefanya kazi hapa kuanzia miaka ya 1950, akikusanya na kuhifadhi vitu vya Wasukuma wakati wamisionari wengine walikuwa wakiviona kuwa ni ushirikina. Kuna ngoma na viti vya watemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya Kisukuma. Mwongoza wageni anahitajika, kwa sababu vitu vingi havisemi chochote pasipo maelezo.

Wakati bora wa Bujora ni sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, mavuno yakiwa yamekwisha. Ndipo huchezwa Bulabo, mashindano ya vikundi vya Bagika na Bagalu, pande mbili zenye upinzani tangu karne ya 19. Kila upande hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja uleule, na mshindi ni anayevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo wachezaji huja na nyoka, majembe na vituko vya kila aina.

Anayependa kusafiri majini kuliko makumbusho aende Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Meli kutoka Mwanza hufika Nansio kwa muda wa saa tatu hivi au zaidi kidogo. Njia nyingine ni ya barabara hadi Kisorya kupitia Bunda, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi. Baiskeli ya kukodi hufaa sana kwa kuzunguka kisiwa. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945; ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kwenda na kurudi siku moja kunachosha. Kulala Nansio usiku mmoja ni bora.

Afya, usalama na adabu

Maji ya ziwa yana kichocho, hasa pembezoni penye majani na maji yaliyotuama, ambako konokono wanaoeneza vimelea huishi. Kuogelea kuachwe kwa mabwawa ya hoteli. Aliyeingia ziwani hata hivyo apime baada ya wiki kadhaa, kwani dawa ipo na inatibu. Viboko na mamba wako katika sehemu za ufukwe, na wavuvi wa mahali hapo ndio wa kuulizwa. Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo chandarua na dawa za kujikinga visisahauliwe. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Wizi wa simu hutokea kwenye msongamano wa stendi na masoko, na pia kwa wanaoongea na simu kando ya barabara bodaboda zikipita. Usiku, njia za mlimani zisizo na taa ziepukwe. Bandari, vituo vya polisi na madaraja havipigwi picha bila ruhusa.

Salamu hutangulia kila kitu, hata kuuliza bei. Kiswahili kinatosha, lakini mwenye kusema mwangaluka asubuhi, mwadila jioni na wabeja kwa kushukuru hupokelewa kwa furaha, hasa na wazee.

Msimu na vya kubeba

Mwanza iko juu ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake ni la wastani na usiku huwa na ubaridi kidogo. Mvua hunyesha zaidi Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, mara nyingi ikitokea ziwani usiku au alfajiri kwa radi nyingi. Juni hadi Septemba ni kukavu, na ndio wakati mzuri kwa mawe, boti na Bulabo. Ni pia wakati mzuri kwa anayeendelea hadi Serengeti kupitia lango la Ndabaka, lililo kwenye barabara ya Musoma.

Vitu vya kubeba kwenda nyumbani ni dagaa, michembe na vitenge. Dagaa wafungwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwani harufu yao hupenya mizigo. Wauzaji wa Mwaloni huzijua ndoo hizo na huzifunga wenyewe kwa malipo kidogo. Kanuni za mizigo ziulizwe shirika la ndege kabla ya kununua.